Kibandiko cha Wifi

Saa moja asubuhi pasi zimeshashika moto na mvuke umejaa chumba kizima. Bi Feni anatandaza shuka la nyumba ya wageni juu ya meza ndefu, analinyoosha kwa kiganja, kisha anapitisha pasi ukingo hadi ukingo. Akiinua mikono kulikunja, uso nao unakunjamana. Matiti yanamuuma.

Jina hilo alipewa na wenzake hapa kwa dobi, joto la kukoma hedhi lilipomwanza na yeye akawa kila mara anajigeuzia feni pekee iliyopo. Ana miaka hamsini na mbili. Pasi ameishika tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni.

Kwenye meza ya kukunjia nguo anafanya kazi wifi yake, dada wa mumewe. Joto liliwaanza karibu pamoja, ila wifi ndiye aliyetangulia kliniki. Alirudi na vibandiko vya homoni, vya kubandika chini ya kiuno. Haukupita muda akawa analala usiku kucha, na mchana anaimba akikunja mataulo.

"Kule kuimba kulikuwa kunanichoma kuliko pasi," anasema Bi Feni bila kucheka.

Naye akaenda kliniki, akapewa vyake. Joto lilipungua, lakini yakaja mengine. Kichwa kilimgonga, kifua kikajaa na kuuma, asubuhi akaamka na kichefuchefu, na kila alipobandua palibaki alama nyekundu inayowasha. Nesi alikuwa amemwambia kwamba baadhi ya hayo hutokea miezi ya mwanzo, na kwamba yakizidi arudi. Hakurudi. Alipolalamika nyumbani, mumewe alimuuliza mbona dada yake hana shida yoyote.

Swali hilo halikumtoka. Akajiaminisha kwamba wifi alipewa dawa bora kwa sababu anajua kujipendekeza kwa watu. Jumapili moja walipokwenda kumtembelea, aliaga kama anayekwenda msalani, akaingia chumbani kwa wifi na kuchomoa kibandiko kimoja kwenye boksi lake. Akakibandika kando ya chake.

Wiki hiyohiyo, akiwa amemaliza zaidi ya mwaka bila kuona hedhi, damu ilimtoka akiwa kazini. Wifi ndiye aliyemshika mkono kumpeleka msalani, na ndiye aliyeviona vibandiko viwili, kimoja cha umbo analolijua vizuri. Alimfunga shuka kiunoni, wakaenda kliniki.

Daktari alikibandua kile cha pili na kuuliza kimetoka wapi.

"Ni changu," alijibu wifi.

Daktari akaeleza kwamba kile kina homoni ya aina moja, na hupewa mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi. Mwenye mfuko huhitaji na homoni ya pili ya kuulinda, nayo ilikuwamo kwenye vibandiko vya Bi Feni tangu mwanzo.

Familia nzima ilijua kwamba wifi alifanyiwa operesheni ya uvimbe ujanani. Kwamba alitolewa kizazi kabla ya kupata mtoto, alikuwa hajamwambia mtu.

"Miaka yote hii nakuonea wivu watoto wako," wifi alimwambia Bi Feni walipokaa kwenye benchi la korido. "Na wewe, wifi, ukaja kunionea wivu hiki?"

Bi Feni anasema alitamani ardhi immeze. Msamaha aliuomba kesho yake, wakiwa na shuka moja mikononi, kila mmoja ameshika upande wake.

Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Alipunguziwa dozi, akaelekezwa abadilishe mahali kila anapobandika, na arudi mara moja akiona damu tena. Kichwa kimetulia. Kifua bado, na kisipopoa atamwomba daktari wajaribu njia nyingine.

"Wifi bado analala vizuri kuliko mimi," anasema. "Sitakudanganya, inaniuma."

Wifi mwenyewe ameshamweleza kaka yake yote, na lile swali la mbona dada hana shida halijaulizwa tena nyumbani.

Mwezi ujao binti mkubwa wa Bi Feni anatarajia kujifungua. Alikuwa amepanga kwenda peke yake kumuuguza. Sasa amemwomba wifi waende wote, na amemwagiza binti kwamba shangazi yake huyo ndiye ampokee mtoto kwanza.

"Nitaona wivu, najijua," anasema, akivuta shuka lingine. "Lakini nitamwachia ambebe mpaka achoke mwenyewe."