Kipande cha Pili cha Ini la Aabo

"Kile kipande cha pili," daktari alisema, "ndicho kitakachotupa habari."

Nilikuwa namnyonyesha mwanangu kwenye benchi la kliniki ya hospitali pale Garissa, katikati ya miaka ya tisini. Aabo, baba yangu, ameketi kando, fimbo kati ya magoti. Nikamtoa mtoto kwenye titi. Akalia. Sikujali.

"Cha pili kipi? Tuliambiwa mnakata uvimbe, basi."

Daktari huyo alikuwa kwenye timu iliyompasua Aabo saratani ya ini huko Nairobi, na alikuja kwetu kuwaangalia wagonjwa waliorudi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana alinichoma zaidi.

"Mama, kabla ya kukata ini tunabana mshipa unaolipelekea damu, mgonjwa asivuje akafa. Tulichukua kipande cha saratani kabla ya kubana, na kingine baadaye. Ndani ya kila seli kuna jeni, ni kama maagizo. Nyingine zimelala, nyingine ziko kazini. Damu ikikatika, zilizolala zinaamka. Tunataka kujua ni zipi. Pengine tukibana tunaifundisha saratani ukaidi."

"Na huyu mzee aliambiwa na nani?"

"Aliweka kidole gumba."

Hapo nikalipuka. Kidole kile nilikishika mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao huko Nairobi, na muuguzi alisema, "Mwambie wanatoa uvimbe, aweke kidole, chumba cha upasuaji kinangoja."

"Kwa hiyo mlitumia mdomo wangu kumnyang'anya baba yangu nyama yake! Kule Griftu tulikotoka hata mbuzi hachinjwi kabla mwenyewe hajaulizwa!"

Foleni nzima ikageuka. "Mpe, mpe!" mama mmoja akanichochea.

Aabo akanigusa goti. "Aabo, bole bole," akaniambia, polepole yake ya Kisomali. Kwetu baba humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye, hata awe binti mwenye mtoto. Akamchukua mwanangu, akamfunika kwa ncha ya shuka lake, akataka nimtafsirie yote. Nikatafsiri kwa hasira. Neno jeni nikaliacha kama lilivyo. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya ngamia.

"Mwambie ni kweli," akasema. "Ngamia ukimnyima maji, mwili wake hubadilika. Mkojo unakuwa kidogo, mzito. Amejifunza kiu. Muulize, nyama yangu imejifunza nini?"

"Bado tunapima, mzee."

"Wangeniuliza, ningewapa. Lakini iko wapi? Mbona haijazikwa?"

"Iko Nairobi, kwenye friji," daktari akasema. Kwetu kinachotoka mwilini hufukiwa ardhini, hata kucha, hata nywele za mtoto mchanga. Cha Aabo kilikuwa kwenye baridi ambayo yeye hajawahi kuijua maishani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alikataa kunirudishia mtoto. Shati lilimning'inia mgongoni kama la kuazima, na bado alikuwa anamwimbia mjukuu wake wimbo wa kunywesha ngamia, kwa sauti iliyokatika katikati. Mlangoni akasimama apumue.

"Nikitangulia mimi," akaniuliza, "watakuletea?"

Nilimpokea mtoto. Nikamfunga mgongoni, nikarudi hospitalini, nikaomba karatasi, nikaandika kwa Kiswahili changu cha kidato cha nne:

"Kwa Msimamizi wa Hospitali. Mimi ni binti na mkalimani wa mgonjwa. Nalalamika rasmi kwamba kipande cha pili cha ini la baba yangu kilichukuliwa kwa utafiti bila yeye kuambiwa. Hakatai utafiti. Anataka kuelezwa kitakachoonekana, kwa Kisomali, akiwa bado hai. Mkimaliza kupima, msitupe mabaki. Mnipe mimi. Nitasafiri nayo mwenyewe na nitayafukia anapotaka yeye. Naomba nakala yangu ipigwe muhuri sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."