Picha ya Pili

Siku ya picha ya kwanza, fundi wa mashine ya MRI aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nachomea vyuma, milango ya makontena kule Shimanzi.

"Basi, ami, ngoja kwanza," akasema. "Mashine hii ni sumaku. Ukiwa na kichembe cha chuma jichoni, kitavutwa. Tupige eksirei ya macho."

Macho yakaonekana salama, nikaingizwa. Mle ndani mna vishindo vya kugongagonga, lakini mtu wa karakana hatishwi na kelele. Kilichonitisha ni majibu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo, mpole wa maneno. Alituambia mimi na mke wangu kwamba nina saratani kwenye utumbo wa mwisho, chini kabisa, na imefika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa.

"Nikikupasua sasa, itabidi niutoe na msuli. Utatumia mfuko tumboni maisha yako yote. Lakini tukitanguliza mionzi na dawa, huenda uvimbe ukanywea tukauokoa huo msuli. Baadaye tutapiga picha nyingine tuone."

Nilijiona kwenye safu ya swala ya Ijumaa na mfuko wa haja chini ya kanzu. Mke wangu ndiye aliyeuliza: "Na swala je, daktari?"

"Wako wengi wanaoswali nao, mama. Waulizeni masheikh wenu."

Tulimuuliza sheikh wa mtaani kwetu, huku Mji wa Kale, naye akasema vivyo hivyo: mwenye udhuru ana ruhusa yake. Moyo ukatulia kidogo.

Mionzi ilinichoma. Zilipita wiki ambazo siwezi kukaa ila juu ya mto, na kilichopita kooni ni uji wa mchele tu. Kisha matibabu yakaisha, tukaambiwa tungoje mwili upoe. Katika kungoja huko, ile damu iliyokuwa ikinitoka nikienda haja ikakatika. Nikaanza kula, nikanenepa, nikarudi karakana. Asubuhi moja nikamwambia mke wangu, "Mimi nimepona. Ya nini tena kukatwa?"

Alikuwa akikunja nguo, wala hakuinua uso. "Nani kakwambia umepona?"

"Najiona mwenyewe."

"Unajiona mpaka ndani? Twende kwenye hiyo picha. Ikisema hakuna kitu, vigelegele utavisikia kwangu kwanza."

Tukaenda. Daktari akaziweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, ya zamani na mpya. Kwenye ile ya zamani, uvimbe wa kijivu ulikuwa umeziba karibu nusu ya njia. Kwenye mpya, mahali pale pale, palikuwa na ukanda mwembamba mweusi.

"Huu weusi ni kovu," akasema. "Saratani ikifa, mara nyingi huacha kovu namna hii."

Mke wangu akashusha pumzi. Daktari akasogeza kidole. "Lakini hapa katikati bado pana kijivu. Sikufichi, imebaki kidogo. Nilipokupima kwa kidole, na kamera ilipoingia, niliona vivyo hivyo. Sasa tazama huu msuli. Uvimbe umejitenga nao. Naweza kukupasua nikauacha."

"Bila mfuko?"

"Mfuko wa muda, mpaka mshono wa ndani ushike. Kisha tunauondoa."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta ruhusa ya kukimbia kisu, na ile picha ikaninyima. Hata hivyo sikuwa na huzuni. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, nilikuwa naona kwa macho yangu kitu kilichopungua.

"Nipangie siku," nikamwambia.

Nilipasuliwa. Kipande kilichotolewa kilipopimwa kilikutwa na saratani kidogo iliyokuwa bado hai, lakini kingo zake zilikuwa safi, hazina saratani. Mfuko niliuvaa kwa miezi. Mwanzo niliswali mwisho wa safu, karibu na mlango, hadi nilipogundua kuwa hakuna aliyekuwa akiniangalia.

Sasa umeondolewa. Choo kinaniita mara nyingi kuliko zamani, na nikitoka nyumbani lazima nijue kilipo. Bado naitwa kupimwa. Lakini nafanya kazi, nala na wanangu.

Juzi mchomeaji mwenzangu alininong'oneza kwamba anatoka damu akienda haja, na anaona haya kumwambia mtu.

"Zima mashine," nikamwambia. "Twende sote."