Baba Mkwe Anasema Nilimjibu Nikamnyima Salamu

Admin, ficha jina langu, maana ukweni wapo humu. Nina miaka 31, watoto wawili. Mume wangu ni daktari wa mifugo, tuna duka la dawa Rubwera na tawi Kanoni.

Mwaka huu tuliunganishiwa simu ya intaneti. Namba ni moja, mteja akipiga inaita maduka yote mawili. Dukani hakuna mtambo wa kupokea simu. Mtambo uko kwa kampuni inayotuuzia huduma, mbali huko. Nikarekodiwa sauti ya kupokea wateja: "Umepiga duka la dawa za mifugo. Kwa dawa bonyeza moja. Kwa daktari bonyeza mbili." Nilijisikia bosi, siwadanganyi.

Sasa siku moja umeme ukakatika, intaneti ikafa, simu za dukani zikanyamaza. Mimi nikajua hakuna anayepiga. Kumbe sauti yangu haikai dukani, inakaa kule kwenye mtambo, na iliendelea kujibu watu huku simu zenyewe hazitufikii. Tungeweza kuomba simu za wateja zihamie kwenye simu zetu za mkononi mtandao ukikatika. Hatukujua.

Siku hiyohiyo ng'ombe wa baba mkwe, yule anayempenda kuliko wote, alikuwa anazaa na ndama amekwama. Mume wangu alikuwa Nyakakika anachanja mifugo, hapatikani. Mzee akapiga namba ya duka. Akasikia sauti ya mkamwana wake. Akangoja shikamoo, maana kwetu mkamwana haanzi neno na baba mkwe kabla ya kumwamkia. Haikuja. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe anakufa." Nikamwambia abonyeze moja. Akapiga tena, nikamwambia vilevile.

Ng'ombe alikufa, na ndama wake.

Niliposikia ananilaumu, nilienda kwake kueleza. Nikaweka simu sauti kubwa, nikapiga mbele yake, mdomo nimefumba, sauti yangu ikatoka kwenye simu. Nikadhani yameisha. Mzee akasema taratibu, "Kwa hiyo ulikaa ukapanga maneno ya kutuambia watu wote, na salamu ukaiacha."

 

Ameitisha kikao cha ukoo Jumapili. Anataka nipige magoti nikiri mbele ya wote kwamba nilimsikia nikamkataa. Nisipokiri, mume wangu achague, mimi au baba yake. Nimemuuliza mume wangu atachagua nani, akasema, "Kubali tu mama, yaishe." Hajajibu swali langu. Inaniuma, kwa sababu hiyo simu aliitaka yeye.

Kuomba radhi kwa salamu niko tayari hata sasa hivi. Lakini nikiri kwamba nilimsikia mzee analia na ng'ombe wake nikamwacha? Wanangu watakua wakiambiwa hivyo.

Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, nikiri au nikatae? Niambieni, maana hapa nyumbani hakuna anayeniambia.