Nyumba Aliyopewa Bi Sihaba

Bi Sihaba binti Mwishehe alikuwa mshona makuti wa Dunda, pale Bagamoyo, na maisha yake yote hakuamini kitu mpaka akigeuze aone upande wa pili. Samaki alimgeuza, mkate aliugeuza. Mwenyewe husimulia kwamba siku moja njia ya Kiwangwa alikutana na chui, akamshuku kuwa si chui, akamwambia, “Hebu vua hiyo ngozi tukuone.” Chui akaona haya, akashika njia yake. Sasa mtu wa namna hiyo umpelekee zawadi!

Aliyempelekea ni mkwewe, Mikidadi, mume wa bintiye wa pekee, Ashatu. Mikidadi alikuwa mkubwa katika ofisi moja ya serikali, na mkunjo wa suruali yake ungeweza kukatia nyanya. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Alikuja na samaki kolekole mzima mkononi, akakaa barazani akiupa mlango mgongo, kama impasavyo mtu mwenye kumheshimu mama mkwe. Bi Sihaba alikaa ndani nyuma ya pazia. Mtu na mkwewe hawatazamani wala hawajibizani, kwa hiyo Ashatu alisimama mlangoni akipokea maneno huku na kuyafikisha kule, ingawa wote watatu walikuwa wanasikia vizuri tu.

“Mwambie mama,” alisema Mikidadi, “ile nyumba yangu ya bati ya Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, nimempa.”

“Muulize mumeo, hiyo nyumba inaumwa nini?”

“Haiumwi, ni heshima tu.”

“Heshima ilikuwa wapi masika yale, paa langu lilipovuja nikalala ndani ya pipa?”

Hilo Ashatu hakulifikisha. Wakaletwa mashahidi na wino, Bi Sihaba akabonyeza kidole, kisha akakinusa.

Tangu hapo hakutulia. Alishuku nyumba ina shetani. Alishuku anatolewa kafara, maana kolekole mkubwa vile haendi kwa kikongwe bure. Mwisho akajitanda kanga akaenda mwenyewe Magomeni, akagonga kuta, akalamba chokaa, asione kasoro. Chumba cha mbele akamkuta mpangaji, Bwanaheri, fundi cherehani, uzi mdomoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Kodi ya hapa unampa nani?”

“Bwana Mikidadi.” Akaziba mdomo. “Yaani, nampa yeye, lakini tukiulizwa tumeambiwa tuseme nyumba ni ya mama mkwe wake. Kizee kimoja hivi, wasema hakisikii, na akili zimeshahama.”

“Maskini! Zimehamia wapi?”

“Sijui, bibi. Labda Lugoba.”

Bi Sihaba akatoka pale masikio yakimwaka. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Mwalimu Mwinyijuma wa madrasa, ambaye gazeti halikumpita.

“Azimio limemkataza kiongozi kupangisha nyumba,” Mwalimu alimweleza. “Atakuwaje mtetezi wa wapangaji naye anawala kodi? Mkweo ndiye aliyetuhubiria hilo Azimio uwanjani. Hukuwepo?”

“Nilikuwepo. Alilia.”

“Alilia kweli.”

“Nami nikayashuku yale machozi, nikasema huyu kamenya kitunguu. Kumbe analilia bati!”

Haikupita muda Ashatu akaingia kwa mama yake hana rangi. Kamati ya kuchunguza mali za viongozi ilikuwa njiani, nao wangemuuliza Bi Sihaba mwenyewe, tena kwa kiapo.

“Sema ni yako tu, mama. Ukikana, Mikidadi kazi hana, nami na wanangu tunarudi hapa hapa chini ya makuti.”

“Na nikisema ni yangu ilhali kodi anakula yeye?”

“Mbona chui wa Kiwangwa ulituongopea?”

“Uongo wa chui ni pambo, mwanangu. Wa kiapo ni moto.”

Ashatu akaondoka analia, na machozi yale Bi Sihaba hakuyashuku. Alikaa na kuti lake mapajani bila kulishona. Akisema kweli amemvunjia mwanawe nyumba. Akiongopa amejivunjia akhera.

Kamati ikaja, wakakaa baraza ya ile nyumba ya Magomeni, watu wamejaa mpaka barabarani. Mkubwa wao, bwana wa miwani, akauliza, “Bibi, nyumba hii ni ya nani?”

Bi Sihaba akajifunika kanga uso, akampa mkwewe mgongo, akamwita Ashatu. “Muulize mumeo: nyumba hii alinipa, au aliniazima?”

Mikidadi akamwambia mkewe, “Nilimpa.”

“Kwa roho safi?”

“Kwa roho safi.”

“Na kodi, na bati, na misumari yake, ana haki yoyote tena?”

Bwana wa miwani akainua kalamu. Mikidadi akatazama ile kalamu. “Sina haki yoyote.”

“Wallahi?”

“Wallahi.”

“Basi ni yangu,” alisema Bi Sihaba, sauti ikafika sokoni. “Na kwa kuwa ni yangu, Mwalimu Mwinyijuma shuhudia, naitoa wakfu leo hii. Wakae wajawazito wa Kiwangwa na Ubena wanaokuja kusubiri kujifungua hospitali wakalala mabarazani mwa watu. Bwanaheri abaki chumba chake, kodi yake inunue kuni na mafuta ya taa.”

“Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haurudi,” Mwalimu akawakumbusha. Akaanza kusoma Fatiha. Mikidadi akainua mikono na wenzake. Amin yake ilitoka kama mtu anayeng'olewa jino.

Wakati watu wanatawanyika, bwana wa miwani alibaki nyuma, akainama kwa Bi Sihaba. “Bibi, hivi wakfu mtu akishautoa, hata mwanawe hawezi kuurudisha?”

Bi Sihaba akamtazama kuanzia viatu. “Una nyumba ngapi Dar es Salaam, baba?”

Bwana yule akalikumbuka gari lake ghafla.

Mikidadi kazi yake ilibaki. Kolekole hakuletwa tena. Ashatu alinuna Shaaban nzima, lakini Ramadhani ilipoandama akaja na bakuli la tambi za futari kutoka kwa mumewe. Bi Sihaba akalipokea, akamshukuru, akamkabidhi kijiko.

“Anza wewe, mwanangu,” akasema.