Mfasiri wa Darasa la Tatu

Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni. Shule ya viziwi hakuiona hata kwa nje. Ishara anazotumia tulizitunga wenyewe nyumbani Majengo, mjini Goma, jikoni na uani, na wanaozijua vizuri ni watu wawili tu: mimi dada yake mkubwa, na binti yake. Mumewe alipofariki, mama mkwe alishuka kutoka Rutshuru kumtaka huyo mtoto. Alisema mama asiyesikia hawezi kulea. Mtoto alikuwa darasa la tatu, anasoma, anaosha vyombo na kumsemea mama yake sokoni, kwa hiyo ubaya wa malezi hayo mimi sikuuona. Kesi ikafika mahakamani.

Bibi wa mtoto alijua Kinyarwanda tu, basi akaletewa mfasiri mwenye koti na tai, akaapishwa, akafasiri mpaka kikohozi. Sisi tukaambiwa mfasiri wa ishara hayupo, tulete wetu. Nikajitolea. Karani akanitazama kana kwamba nimeomba kiti cha jaji.

"Mama, weye uko ndugu yake. Utamupendelea."

Nikaomba basi tupewe siku nyingine nitafute mwalimu wa viziwi, akae na mdogo wangu kidogo azijue ishara zetu. Jaji akasema kesi imeahirishwa vya kutosha. Macho yake yakaangukia benchi la nyuma.

"Ule njo mutoto? Anasikilizana na mama yake?"

"Ndiyo, muzee," karani akajibu.

"Basi yeye atatufasiria."

Yaani mimi ningependelea, lakini mtoto anayegombaniwa, huyo hana upande! Akasimamishwa mbele na sare yake ya shule, kidevu kikifika ukingo wa meza.

Wale hawakumjua mtoto huyo. Sokoni muuzaji akisema, "Hii kiziwi inanisumbua," yeye humwambia mama yake kwa mikono kwamba nyanya zimepanda bei. Mtaani hivyo hivyo, kanisani hivyo hivyo. Tangu alipojua kusema alikuwa akichuja matusi ya Goma nzima ili mama yake alale vizuri. Nyumbani tulimsifu kwa hilo. Tulisema ana moyo.

Mahakamani pia akachuja. Bibi aliposema mkwe wake ni mzigo tu, mtoto akaeleza kwa ishara kwamba koko, yaani bibi, anamsalimia. Lakini mdogo wangu si mjinga. Aliziona nyuso za watu, akaanza kulia. Ndipo jaji akamwambia mtoto aulize kama mama yake anakubali mtoto akaishi kwa bibi, Rutshuru, moja kwa moja. Nikaiona mikono ya mtoto ikiuliza: unakubali niende kwa koko wakati wa likizo, kisha nirudi?

Mdogo wangu akafuta machozi, akatabasamu, akaitika kwa kichwa.

"Amekubali," jaji akasema.

Niliruka. Nilipiga kelele kwamba hakuulizwa hivyo.

"Ikala chini, mama! Weye hauko mufasiri," karani akanikemea.

Nikamwambia mtoto aseme ukweli. Akajibanza kwa mama yake. Jaji akasema ninamtisha mfasiri wa mahakama. Mfasiri wa mahakama! Polisi akanishika mkono kunitoa, na pale mlangoni akaniuliza ninataka nini tena, wakati mtu mzima ameitika mbele ya watu wote.

Mtoto alinikuta uani mwa mahakama. "Mama mukubwa," akasema, "alikuwa analia. Nilitaka anyamaze."

Sikumgombeza, na sitamgombeza kamwe. Hasira yangu naiweka inapostahili, kwa watu wazima wenye vyeti ukutani, waliomtwika mtoto kazi ile kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa wa bure. Nilipowauliza siku nyingine kama kosa hilo linaweza kurekebishwa, waliniambia kwamba kila mtu mahakamani alisikilizwa. Walisema hivyo bila aibu.

Siku ile tulirudi kwa miguu, na mdogo wangu alikuwa na furaha. Alisimama njiani kumnunulia mtoto sandali za safari, akampimisha palepale, akanionyesha jinsi zinavyompendeza. Sikuweza kuvumilia. Tulipofika nyumbani nilimketisha kitandani, nikamweleza: si likizo, anaenda kuishi huko, hatarudi. Alicheka kwanza, akidhani nimekosea. Akamgeukia mtoto. Mtoto akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mikono ile ikiwa pale haikuweza kusema lolote.

Basi akanirudia mimi, akaniuliza ni nani aliyekubali.

Nilimnyooshea kidole yeye mwenyewe.