Siku Nilipomwita Mkwe Replika

Hii habari naona haya kuisema, lakini mmeshaisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi, basi afadhali niiseme mwenyewe. Mjukuu wangu Moraa alileta mchumba hapa Itumbe, Onchiri wa kule Nyansiongo, na wote wawili wako ofisi moja Nairobi, ya kutunza data. Onchiri alikuja na nyanya yake, na huyo mama tangu aketi kwangu ni mdomo tu, mjukuu wake yuko klaudi, mjukuu wake ana klasta (na mke mwenzangu Kwamboka, badala ya kunyamaza, anamwitikia eeh, eeh, kama yuko kanisani). Wivu ukanipanda. Kwani Moraa hafanyi kazi hiyo hiyo?

Nikaenda jikoni nikamwambia Moraa anieleze upesi. Akasema, huku akichuja chai, kwamba data inayotakwa haraka haipelekwi stoo, inakaa kwa kumbukumbu ya mashine, na mashine si zao, wanazikodisha mbali, hiyo ndiyo klaudi. Zikiwa kundi ni klasta. Ile inayoandikiwa kwanza ni praimari, na inayonakili kwake ni replika. Nikauliza yeye anaangalia gani. Akacheka, akasema wiki hii praimari, Onchiri replika.

Hapo ilifaa nibebe vikombe ninyamaze. Mimi nikarudi nikasimama mbele ya wageni. "Huyu wetu ndiye praimari," nikasema. "Huyo wenu ni replika tu, kazi yake ni kunakili kwa Moraa."

Moraa alikuwa mlangoni na birika.

"Ni kweli, nyanya," Onchiri akaniambia polepole. "Lakini jana praimari ilianguka ikazimika, replika ikashika kazi yote. Bila hiyo tungekuwa bado ofisini."

Nyanya yake akachukua mkoba. "Twende, mjukuu wangu, tusije tukanakili na chai ya watu."

Moraa akaanza kulia. Aliyewafuata uani ni Kwamboka, mimi nikibaki ndani. Akaomba msamaha, akawarudisha, wakanywa chai, wakakubali kuleta ng'ombe wa mahari. Ila yule mama alitaka siku hiyo ya ng'ombe msemaji wa nyumba yetu awe Kwamboka, na Moraa akaitikia ndiyo kabla sijapumua.

Sitabeba tena maneno ya kazi ya mtu niliyoyajua kwa muda wa kuchuja chai. Ng'ombe wakija mtanikuta jikoni, nikisikia mke mwenzangu akipigiwa makofi ndani ya nyumba yangu, na nimeapa kunyamaza, kiapo ambacho kinanichoma tangu sasa.