Ini la Eleuterio

Mimi sikuwahi kumpenda Eleuterio, na sianzi leo. Siku aliyokuja kumposa dada yangu Remedios alikuwa chakari, akamkumbatia mama yetu akidhani ndiye mchumba. Miaka yote alikuwa anakaanga nguruwe sokoni hapa Uruapan, kwenye lile sufuria lake kubwa la shaba, na kila alichokaanga alikionja, na kila alichoonja alikishushia na chupa. Akishalewa alikuwa anapanda juu ya meza anacheza, suruali imemshuka, na wenzake wa sokoni walimpenda kwa hilo tu. Dada yangu ndiye aliyekuwa anamvua viatu.

Walipata mtoto mmoja, Citlali, na akaugua ini. Wala si kwa kunywa, bia hakuwahi hata kuionja. Ni ugonjwa aliozaliwa nao, ukakaa kimya mpaka alipofika miaka ishirini, ndipo macho yakaanza kuwa ya njano. Madaktari wakasema ndugu wa damu anaweza kukatwa kipande cha ini akapewa yeye, na kikakua. Damu ya Remedios haikulingana na ya mtoto. Mimi, dada mtu, nina sukari, wakanikataa pale pale. Akabaki Eleuterio, tumbo mbele.

Daktari, mama mmoja mfupi asiyejua kucheka, akamwambia ini lake limejaa mafuta lakini bado halijaharibika. Akae nusu mwaka bila tone la pombe, aache kitimoto, apungue, ndipo atakatwa. Akinywa hata mara moja anaanza upya, na mtoto mwenyewe hana muda wa kusubiri mara mbili. Alimwambia hivyo mbele yetu sote, na nilimtazama shemeji yangu nikasema moyoni, basi, mtoto ameshakufa.

Kosa lake la kwanza ni kwenda kuwaambia wenzake. Genaro, muuza pilipili, ndiye baba wa ubatizo wa Citlali, ndiye aliyemshika pale kanisani. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Ini lako wewe? Bwana, hilo ukiliwashia kiberiti linalipuka. Mtamuua mtoto."

Soko zima likacheka. Eleuterio naye akacheka, maana ndiyo ilikuwa kazi yake, na tangu siku hiyo hakulitaja tena. Akaenda kwa padri akapiga magoti akaapa kwa Bikira kutokunywa nusu mwaka. Kwetu ukisema daktari amekukataza, watu wanakusogezea glasi. Ukisema uko kwenye kiapo, glasi inaondolewa na mtu anakuomba radhi. Kwa hiyo walimwacha, ila walichoka naye upesi. Eleuterio bila chupa hakuwa na lolote la kuchekesha.

Citlali akawa mwalimu wake. Amelala pale kitandani, mikono imekonda, anamfundisha baba yake kula: anza na maji, achana na vile vipande vya chapati za mahindi vilivyokaangwa, chukua samaki wa kuchoma, majani ya mpungate yaliyotolewa miiba, maharage yasiyotiwa mafuta, nusu ya parachichi. Kinywaji, maji ya rozela, yale maua mekundu, bila sukari. Eleuterio alikuwa anayarudia kama mtoto wa chekechea. Akapungua, shingo ikaonekana. Nilianza kukasirika, maana nilishajizoesha kumdharau na sasa ananiharibia.

Siku yake ya kutimiza miaka hamsini ikaangukia Jumapili. Nusu mwaka wa daktari ulikuwa umeshatimia, wa kiapo umebakiza siku chache, na Jumatatu alfajiri alitakiwa hospitali kwa kipimo cha mwisho, kisha alazwe na kukatwa. Genaro, asiyejua hayo, akaalika watu kwenye mkahawa wa La Guacamaya. Eleuterio hakutaka kwenda. Citlali ndiye aliyemsukuma.

"Nenda, baba. Umeshajua kula. Ukirudi utaniambia samaki alikuwaje."

Tukaenda, mimi, Remedios na yeye. Ni mkahawa ule ambao wahudumu wanavaa mikanda ya vikombe vya pombe kifuani, kama ya risasi, na filimbi shingoni. Vikaja vile vipande vya kukaanga, na Eleuterio akakalia mikono yake ili isimponyoke. Akaagiza vyote alivyofundishwa, kwa mpangilio ule ule. Wenzake walimwagiza mhudumu amletee ng'ombe wao majani mengine, wakamnyunyizia mafuta ya nguruwe kwenye maharage, naye akayasogeza pembeni kwa kijiko, taratibu, akaendelea kula samaki wake. Nitasema ukweli, siku hiyo nilimheshimu.

Ndipo Genaro akasimama na zawadi yake. Akasema amekwenda mwenyewe kwa padri, amemweleza kwamba rafiki yake anatimiza hamsini, ana mgonjwa nyumbani, anastahili kufurahi, na padri amempa ruhusa ya siku moja. Jambo hilo kwetu lipo. Watu huombewa ruhusa kwa harusi na ubatizo, kesho yake kiapo kinaendelea.

"Mpaka saa sita usiku Bikira amefumba macho," akasema. "Tumekukosa, ndugu yangu. Turudishie Eleuterio wetu."

Meza ikapiga makofi. Eleuterio akaweka kijiko chini.

"Jamani, si kiapo tu. Kesho nakatwa. Hili ini ni la Citlali."

 Halafu Genaro akaangua kicheko, akauliza kama bado ana ile hadithi ya ini, na akampungia mkono mhudumu.

Filimbi ikalia. Pale ndivyo wanavyomfanyia kila mwenye siku yake: anavikwa kofia pana, kichwa kinavutwa nyuma, tekila inamiminwa kinywani kutoka kwenye chupa huku mkahawa wote unapiga kelele. Eleuterio akafunga mdomo. Watu wakaona ndiyo raha yenyewe. Wawili wakamshika mabega na Genaro akambana pua. Dada yangu akapiga ukunga kwamba mtoto wake atakufa, lakini kila meza ilikuwa inapiga ukunga. Mimi nikainuka, mke wa Genaro akanivuta sketi nikae, akaniambia niwaache wanaume wacheze. Nikamwona Eleuterio anakosa pumzi. Mdomo ukafunguka, chupa ikaingia, koo likapanda na kushuka mara tatu. Mhudumu akamshika kichwa kwa kitambaa akakitikisa, wakashangilia. Eleuterio akaenda chooni kujitapisha, nikamsikia mpaka mlangoni.

Asubuhi nilikwenda naye hospitali, na njia nzima nilimwambia anyamaze. Muuguzi akamuuliza swali lile la kila mara, kama amekunywa. Nikamfinya paja. Mtu aliyemdanganya dada yangu miaka ishirini na mitano, asubuhi hiyo ndiyo aliamua kusema kweli.

"Nimekunywa jana. Walinimiminia, lakini aliyemeza ni mimi."

Daktari akaitwa. Nilimsihi, nilimshika koti. Akasema si yeye peke yake anayeamua, na kwa jibu hilo hakuna atakayekubali kumkata. Aanze upya. Nje nilimpiga Eleuterio begani kwa mkoba wangu, nikamuuliza kwa nini hakudanganya, mjinga we. Akanijibu kwamba Citlali alimkataza kumficha daktari kitu.

Citlali alipoambiwa alimuuliza baba yake samaki alikuwaje. Akamwambia alikuwa mtamu.

Citlali alikufa mwezi wa nne. Genaro alilia kuliko wote, akabeba jeneza upande wa mbele, haki yake kama baba wa ubatizo. Eleuterio hakugusa chupa hata kwenye matanga. Aliendelea na mpungate wake na maji yake ya rozela mpaka nusu mwaka wa pili ukaisha, halafu akaenda hospitali peke yake akaomba kupimwa. Alirudi akasimama jikoni, kofia mkononi, akatuambia daktari amesema ini ni safi kabisa, kama la kijana. Remedios alikuwa anaosha vyombo, na hakugeuka.

Siku yake ya kuzaliwa ilipofika tena, Genaro akaalika watu La Guacamaya. Eleuterio akaagiza samaki na majani ya mpungate, akala nusu. Filimbi ikalia, mhudumu akaja na chupa, Genaro akainuka kumshika. Hakuwa na haja. Shemeji yangu alishavua kofia yake, ameegemeza kichwa nyuma kwenye kiti, na mdomo ameufungua mwenyewe.